Kinanda Kimoja, Ala Mbili: Kugawa Kibodi ya MIDI Katika Kanda

Miongoni mwa Wazaramo wa Kibaha na Kisarawe, muziki wa sherehe umebebwa kwa miaka mingi na ngoma na sauti za waimbaji, na ni kutokana na ngoma za Wazaramo ndipo vijana wa Dar es Salaam walipozaa mchiriku, mtindo uliozichanganya ngoma hizo na kinanda kidogo cha Casio. Kundi la Jagwa Music, lililoanza mwaka 1992, liliufikisha mtindo huo hadi Ulaya, na albamu yake, Bongo Hotheads, ilitolewa na kampuni ya Ubelgiji mwaka 2012.

Kinanda cha mchiriku hutoa sauti yake chenyewe, ilhali kibodi ya MIDI hutuma taarifa tu, na kazi ya kuzigeuza taarifa hizo kuwa sauti huachiwa kompyuta au kinanda kingine kilichounganishwa nayo. MIDI ni utaratibu wa mawasiliano kati ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, ulioonyeshwa hadharani nchini Marekani Januari 1983, pale kinanda cha Sequential Circuits cha huko kilipounganishwa na cha Roland ya Japani, na viwili hivyo vikaelewana ingawa vilitoka kwa watengenezaji tofauti. Katika utaratibu huo kila noti ina namba, kuanzia 0 hadi 127, na C ya kati ni 60. Kitufe kinapobonyezwa, kinachosafiri ni amri ya kupiga, namba ya noti na kipimo cha nguvu ya kidole.

Kwa kuwa kinachosafiri ni namba, kugawa kibodi ni kuamua tu kwamba namba zilizo chini ya mpaka fulani ziende kwa ala moja na zilizobaki ziende kwa nyingine, na kila fungu la vitufe huitwa ukanda. Kibodi ya vitufe 61 kwa kawaida huanzia namba 36 na kuishia 96, kwa hiyo mpaka ukiwekwa kati ya 53 na 54, mkono wa kushoto hupata vitufe 18 na wa kulia 43.

Mahali pa mpaka huo hapafai kuchaguliwa kwa kubahatisha, na taarabu inaonyesha sababu. Katika vikundi vya zamani kama Ikhwani Safaa ya Unguja, kilichoanzishwa mwaka 1905, fidla, udi na ganuni vilikuwa na wapigaji wake, lakini katika taarabu ya kisasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imeangukia mikononi mwa mpapasa kinanda. Akitaka fidla kulia na besi kushoto, mpaka uliotajwa unamfaa, kwa sababu noti ya chini kabisa ya fidla ni 55. Besi ndiyo yenye tatizo: gitaa la besi la nyuzi nne hushuka hadi 28, noti ambayo kibodi hiyo haina. Dawa yake ni kuushusha ukanda wa kushoto kwa oktavu moja, yaani namba 12, ili kitufe cha 40 kitoe noti ya 28, na vitufe vinne vilivyo chini yake viachwe, maana vitatoa noti ambazo besi halisi ya namna hiyo haiwezi kuzifikia.

Jambo linalosahauliwa zaidi, na ambalo huharibu onyesho zima, ni chaneli. MIDI ina chaneli 16, na gurudumu la kupindisha sauti huathiri kila noti iliyo katika chaneli moja. Maqamu za Kiarabu kama Rasti na Bayati zina noti zilizo katikati ya zile za kinanda, na mpigaji anayezitafuta kwa gurudumu hilo ataipinda fidla na besi kwa pamoja endapo kanda zote mbili zimewekwa chaneli moja; besi ikitetereka, waimbaji hukosa pa kusimama. Kila ukanda upewe chaneli yake, na gurudumu lizimwe upande wa besi. Pedeli ya kudumisha sauti nayo izimwe upande huo, la sivyo noti za chini zitarundikana na kuvuruga mdundo.

Namba ni salama kuliko majina ya noti, kwa kuwa C ya kati huitwa C3 kwenye vinanda vya Yamaha na C4 kwenye vya Roland.

Mgawanyo huu hata hivyo una gharama: mkono wa kushoto ukishakabidhiwa besi, hauwezi tena kujaza kodi zinazomshikilia mwimbaji. Kundi lisilo na mpiga besi litafaidika nao. Lenye mpiga besi hodari lisiigawe kibodi, bali limwachie yeye sauti za chini na kumpa mpapasa kinanda vitufe vyote 61.