MOTOKAA YA VITI VIWILI KWA SAFARI YA KAZINI

Mwenye nyumba anunuapo motokaa, hanunui kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Fedha itokayo ni ya nyumba nzima, na faida au hasara ifuatayo ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo hatuoni kuwa ni upuuzi kuweka katika kurasa hizi neno juu ya zile motokaa ndogo za viti viwili, zenye paa la kukunjwa, ambazo baadhi ya ndugu zetu wanaoishi Uingereza huzitamani. Zilipokuwa mpya zilikuwa ghali. Sasa, kwa kuwa zimekwisha tumika, nyingi huuzwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuifikia. Wako wanaosema kuwa hizo ni mchezo tu, na wako wasemao zafaa kuendea kazini kila siku. Sisi twasema kuwa yote mawili yaweza kuwa kweli, na tofauti yake imo katika kuchagua.

SWALI LA KWANZA NI LA NYUMBANI

Kabla ya kuuliza habari ya injini, na iulizwe habari ya watu. Motokaa hii huchukua dereva na mtu mmoja, basi. Mwenye watoto wawili hawezi kuifanya ndiyo motokaa pekee ya nyumba, hata akijidanganya vipi. Itamfaa ikiwa nyumbani iko nyingine, au ikiwa ahali zake wanahudumiwa vema na basi au treni, naye huenda kazini peke yake.

Tena kuna hatari ambayo haifai kufanyiwa masihara. Kiti cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma, hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haukuzimwa. Mfuko ule ukifumuka katika ajali humpiga mtoto kwa nguvu ya kumwua. Na katika motokaa ya viti viwili hakuna kiti cha nyuma cha kumhamishia.

Mizigo nayo ina mpaka wake. Buti ya Mazda MX-5 ya kizazi cha tatu ni lita 150, na ya kizazi cha nne ni lita 130. Mikoba miwili laini itaingia. Vitu vya sokoni vya juma zima kwa watu watano havitaingia. Mke na aulizwe kabla ya fedha kutoka, si baada yake.

IPI ICHAGULIWE

Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa motokaa hizi. MGB na Triumph Spitfire zote mbili zilianza mwaka 1962, na zote mbili zikakoma mwaka 1980. Ni nzuri kwa macho, lakini zataka mtu mwenye spana mkononi na wakati mwingi. Atakiwaye awe kazini saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha au theluji ikianguka, asizitegemee.

Mwaka 1989, katika maonyesho ya Chicago, Mazda ya Japani ilitoa MX-5. Ilichukua wepesi wa zile za Kiingereza, ikaongeza uimara wa Kijapani. Kufika Aprili 2016 zilikuwa zimekwisha tengenezwa milioni moja. Wingi huu una maana kwa mnunuzi: vipuri vyapatikana, mafundi waijua, na magonjwa yake yajulikana. Kizazi cha kwanza kilitengenezwa mpaka 1997. Cha pili kikaanza 1998. Cha tatu kikaanza 2005 na kukoma 2015, kilipoingia cha nne.

Ziko nyingine. Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, ya 1999 hadi 2007, injini yake iko nyuma ya viti, na mahali pa mizigo ni padogo mno. Porsche Boxster ilianza mwaka 1996. Bei ya kuinunua yaweza kushuka, lakini bei ya kuitengeneza haikushuka pamoja nayo. Hapo ndipo wazee wetu waliposema kuwa rahisi ni ghali. Kwa mtu wa kawaida, twaipa MX-5 nafasi ya kwanza.

HESABU YA HEWA YA LONDON

Aendaye kazini ndani ya London ana hesabu nyingine. Tangu tarehe 29 Agosti 2023, sheria ya kupunguza moshi imeenea katika mitaa yote ya jiji hilo. Motokaa ya petroli isiyofikia kipimo cha nne cha Ulaya hutozwa pauni 12.50 kila siku itembeapo. Kwa siku tano za kazi ni pauni 62.50; kwa wiki 46 za mwaka ni pauni 2,875. Fedha hiyo yaweza kuzidi bei ya motokaa yenyewe!

Kizazi cha kwanza huangukia katika tozo hiyo, na cha pili huenda kikaangukia. Kizazi cha tatu husalimika. Hata hivyo mnunuzi asikisie. Na aitazame namba ya motokaa ile ile katika orodha rasmi kabla ya kutoa fedha. Akaaye mji usio na tozo aweza kuridhika na kizazi cha pili, ambacho kioo chake cha nyuma ni kioo halisi chenye nyaya za kuondoa ukungu, si plastiki kama cha kizazi cha kwanza. Asubuhi ya Januari tofauti hiyo si ndogo.

ADUI NI KUTU

Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma. Katika MX-5 tazama kwanza chuma kilicho chini ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma. Maji ya paa hushuka kwa vitundu vidogo mpaka chini. Vitundu vikizibwa na majani, maji hukaa ndani na kutu huanza mahali pasipoonekana. Kwa hiyo gusa zulia nyuma ya viti: likiwa na unyevu, uliza sababu. Katika kizazi cha pili, chunguza pia mihimili ya chesisi upande wa mbele, na hili halionekani mpaka motokaa iinuliwe. Rangi nyeusi, mpya na nene chini ya motokaa kuukuu si pambo. Huenda ikawa ni pazia.

Kuna msaada mkubwa usiogharimu hata senti. Motokaa ikitimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo ya ukaguzi huo husomwa bure kwa kutaja namba yake. Humo mna maili ilizotembea na maonyo ya wakaguzi. Kutu ikitajwa miaka mitatu mfululizo, na muuzaji aseme motokaa haina kasoro, basi umekwisha jua ukweli wa mmoja wao.

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, kwani injini baridi haifichi sauti zake. Sikiliza gia ziingiapo, hasa gia ya pili. Fungua na kufunga paa mara kadhaa. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hata 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Motokaa hizi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na tairi zilizokauka kwa uzee huteleza katika mvua. Katika vizazi viwili vya kwanza, ulizia hati ya kubadilishwa mkanda wa ndani ya injini, ule mafundi wauitao taiming, ambao hubadilishwa kila baada ya maili 60,000 hivi. Vizazi vilivyofuata vina mnyororo.

HAKI YA MUUZAJI NA YA MNUNUZI

Sheria yetu ya biashara yamlazimisha muuzaji aitaje aibu aijuayo katika bidhaa yake, na yampa mnunuzi khiyari ya kurudisha ikidhihirika aibu iliyofichwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 nayo yampa anunuaye kwa mfanya biashara siku 30 za kurudisha motokaa iliyo mbovu. Lakini anunuaye kwa mtu binafsi kinga yake ni ndogo zaidi. Huyo na amlipe fundi akague kwanza. Na Mwislamu auzapo motokaa yake mwenyewe, akumbuke kuwa kunyamaza juu ya kutu aijuayo si werevu wa soko.

Ama anayefikiri kuitumia leo na kuipeleka Mombasa kesho, ajue kuwa Kenya haipokei motokaa iliyopita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo vizazi vitatu vya mwanzo vyote vimekwisha kosa mlango huo. Isitoshe, tumbo lake liko chini, na matuta ya barabara zetu hayana huruma.

Basi mwenye kutamani na aandike katika karatasi moja: bei, bima, ushuru, tairi, na akiba ya matengenezo ya mwaka mmoja. Bima aiulize mwanzo, kwa kuwa kijana hutozwa sana kwa motokaa za namna hii. Kisha amsomee mkewe jumla yake. Ikiwa ada za watoto na kodi ya nyumba zimebaki mahali pake, bila mkopo wa riba, motokaa hiyo itamtumikia vema. Ikiwa sivyo, basi la asubuhi lingalipo.