Kufuli Lisilo na Uthibitisho

Chukua kalamu na karatasi. Zidisha 53 kwa 59. Mtoto wa darasa la tano atakupa jibu kabla chai yako haijapoa: 3,127. Sasa tugeuze swali. Mpe mtoto huyo huyo 3,127, umwambie atafute namba mbili zinazozidishwa kuipata. Atajaribu 3, atajaribu 7, atajaribu 11 na 13, na kuendelea. Chai itapoa.

Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi. Juu ya tofauti hiyo umejengwa ulinzi wa siri nyingi zinazopita katika kompyuta na simu, za benki zikiwemo.

Mwaka 1977 wataalamu watatu wa Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni kufuli la namna hiyo. Mwenye kufuli huchagua kwa siri namba tasa mbili kubwa sana, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Huzizidisha, kisha hulitangaza jibu. Yeyote aweza kulitumia jibu hilo kufungia ujumbe, lakini kuufungua ni kwa yule anayezijua zile namba mbili.

Basi, nani amethibitisha kwamba kuzitafuta namba hizo ni lazima kuwe kugumu? Hakuna. Hakuna mwanahisabati aliyewahi kuthibitisha kwamba njia ya mkato haipo. Tunalojua ni kwamba wengi wameitafuta wasiione. Hiyo ni dhana tu, na juu ya dhana hiyo tumeweka fedha zetu.

Dhana nayo huyumba. Mwaka huo huo wa 1977 jarida la Scientific American lilichapisha namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufungua ujumbe uliofungwa kwayo. Ilikadiriwa kwamba kazi hiyo ingechukua miaka milioni bilioni 40. Ilikamilika Aprili 1994, miaka 17 tu baadaye. Watu wa kujitolea wapatao 600 walitumia kompyuta zao kwa pamoja, kupitia intaneti, kwa miezi minane hivi. Wala si wingi wa kompyuta peke yake uliowasaidia. Wanahisabati walikuwa wamekwisha kugundua njia bora za kutafuta. Hakuna marefu yasiyo na ncha.

Mwaka huo wa 1994, Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikipatikana kubwa ya kutosha, itaimaliza kazi hiyo upesi. Mashine ya ukubwa huo bado haijaundwa. Lakini anayekusanya barua zilizofungwa leo anaweza kuzihifadhi mpaka siku hiyo. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya makufuli mapya, yenye hesabu za aina nyingine. Nayo pia yamesimama juu ya dhana.

Je, tuogope? Hapana. Mwaka 2020 watafiti waliipasua namba ya tarakimu 250, wakati makufuli ya kawaida hutumia tarakimu zaidi ya 600. Ila akija mtu kukuuzia kufuli lisilovunjika kamwe, mwombe uthibitisho. Mkweli atakuambia kwamba mpaka sasa hajatokea aliyeweza, na mwenye busara hubadili kufuli kabla mwizi hajabisha hodi.