Kwa nini jerikani la petroli haliishi harufu

Tangu miaka ya 1980 Arua imejulikana kwa vijana walioitwa "OPEC Boys", waliouza kando ya barabara petroli iliyovushwa mpakani kutoka Kongo na Sudani. Chombo cha biashara hiyo ni jerikani la plastiki, lile lile ambalo Koboko na kwingineko hutekea maji. Swali letu ni hili: jerikani lililobeba petroli likioshwa kwa sabuni hata mara tatu, mbona maji yakilala ndani yake huamka yananuka?

Plastiki hiyo ni polithini, aina ya polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana kama nyuzi za katani. Mahali pengine minyororo imejipanga ikashikamana, huko hapapenyeki. Pengine imelegea, na kwa kuwa haitulii, vitundu vidogo mno hufunguka na kufungika. Molekuli ya petroli hungoja kitundu, huruka, hungoja kingine. Mwendo huo ndio usambaaji. (Wako wanaopendelea "mtawanyiko", kwa maoni yangu neno hilo lafaa zaidi kundi lililofukuzwa kuliko kitu kinachopenya polepole.)

Mwaka 1855 Mjerumani Adolf Fick alieleza kwamba kitu husambaa kutoka kilipo kingi kwenda kilipo kichache, na tofauti ikizidi, kasi nayo huzidi. Kutokana na kanuni yake, ukuta ukiwa mnene maradufu, muda wa kuupenya huwa mara 4.

Lakini petroli haimwachi mwenyeji wake alivyokuwa. Ikiingia huilegeza minyororo, plastiki huvimba kidogo, na molekuli zinazofuata hupita kwa wepesi zaidi. Basi kiwango cha usambaaji si namba moja ya kudumu. Cohen na Turnbull (1959) walipigia hesabu nafasi tupu baina ya molekuli. Vrentas na Duda (1977) wakaipeleka hesabu hiyo kwenye michanganyiko ya polima na viyeyushi. Hufaa zaidi polima zilizolegea. Polithini hudai marekebisho.

Sabuni, basi, huosha uso tu. Petroli iliyomo ndani ya ukuta hurudi polepole kwenye maji. Mafuta ya kupikia huivuta zaidi, maana petroli huyeyuka humo kwa wingi. Kulianika jerikani juani likiwa wazi husaidia, kwa kuwa joto huongeza kasi, ila kwa macho huwezi kujua kilichobaki, na benzini, kemikali mojawapo ya petroli, husababisha saratani ya damu. Watengenezaji wa matangi ya plastiki ya magari nao hukabili tatizo hilo hilo. Wengi huweka katikati ya ukuta tabaka la plastiki nyingine isiyopatana na petroli.