Kutaja Kitabu Ulichokisoma

Mwanafunzi akitia katika insha yake maneno aliyoyapata kitabuni, yampasa kukitaja kitabu hicho. Wengi wetu twalijua hilo, ila twataja nusunusu. Mtu huandika, "Kama asemavyo Okot," kisha huyo anakwenda zake. Mwalimu akitaka kuhakikisha, afungue kitabu gani, ukurasa gani?

Na tumtazame Okot p'Bitek huyo, mshairi wa Gulu. Utungo wake mashuhuri ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, jina lake Song of Lawino. Kwa Kiacholi, lugha aliyoutungia kwanza, ulipigwa chapa mwaka 1969, jina lake Wer pa Lawino. Basi mtu akinakili mistari ya Kiacholi akaandika 1966, anamtuma mwenzake kutafuta kitabu ambacho mwaka huo hakikuwako. Tena chapa mpya ikitoka, kurasa huweza kuhama. Kwa hiyo andika mwaka wa chapa uliyoishika mkononi.

Mwishoni mwa insha kitabu hutajwa kwa ukamilifu, kwa mfano hivi: p'Bitek, Okot. Song of Lawino. Nairobi: East African Publishing House, 1966. Ukiandika kwa mkono, pigia jina la kitabu mstari chini yake. Wako wanaotaka mwaka ufuate jina la mtungaji, ndani ya mabano. Shika utaratibu mmoja aliouchagua mwalimu, usichanganye.

Jina la ukoo hutangulia kwa kuwa orodha hupangwa kwa alfabeti. Hapa ndipo penye taabu kwetu Uganda, maana wengi huandika jina la ukoo kwanza na la ubatizo nyuma. Ukichukua tu neno la mwisho, utakuta orodha imejaa akina John na Mary! Hata ile p' si pambo: kwa Kiacholi ni kama kusema "wa", yaani Okot wa Bitek, nayo haikatwi. Ukiwa na shaka, tazama maktaba imeliwekaje jina hilo.

Mambo haya yaandike kabla hujakirudisha kitabu. Usiyatafute juu ya jalada, kwani mara nyingi mwaka haupo hapo. Fungua karatasi ya ndani yenye jina la kitabu, kisha igeuze: mwaka na mchapishaji wamo nyuma yake, kwa herufi ndogo.