Mbao za Kung'aa na Jiko la Mama

Karani wa parokia huletewa kila namna ya karatasi. Leo cheti cha ubatizo kilichotafunwa na panya, kesho barua ya benki, kesho kutwa chupa ya dawa ya ng'ombe ambayo mwenyewe hajui ampe kiasi gani. Mwaka jana, siku chache baada ya mavuno, mama mmoja mjane wa kigango chetu aliniletea boksi. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amempelekea kwa basi maboksi 8, naye akapakia moja juu ya baiskeli ya jirani mpaka ofisini, ili nimsomee maandishi yaliyo nje.

Tukalifungua. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba, laini, rangi yake kama mninga uliopigwa randa na kupakwa vanishi. Mama akazipapasa, akacheka kwa furaha. "Karani," akasema, "kijana ameniambia nizitandike jikoni, nisikae tena mavumbini. Je, ni mbao za mti gani hizi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, maana hazikupasuliwa kutoka gogo la mti wowote. Yafaa tuzijue, wasomaji, kwa kuwa siku hizi zauzwa mijini, na vijana wetu wakizipenda watatuletea. Wauzaji huziita lamineti. Zilibuniwa Sweden mwaka 1977 na kampuni ya Perstorp. Ndani yake ni nyuzi za miti iliyosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa nguvu nyingi mpaka zikawa ubao mgumu. Juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ndiyo, picha, kama picha ya arusi. Juu ya picha hiyo kuna utando mgumu usio na rangi, unaoikinga isikwaruzwe na viatu na miguu ya viti. Unene wote ni milimita 6 mpaka 12. Kingo zina ulimi na mfereji, hata ubao mmoja huingia katika mwenzake na kushikana bila msumari.

Sipendi kudharau kazi ya watu. Katika chumba kikavu hiyo ni sakafu nzuri, na mtu mwenye msumeno na rula aweza kumaliza chumba kwa siku moja au mbili. Lakini ina masharti yake, nayo yameandikwa juu ya boksi lenyewe. Maboksi yalazwe chumbani saa 48 kabla ya kazi, ili mbao zizoee hewa ya humo. Kandokando ya kuta zote iachwe nafasi ya milimita 8 mpaka 10, kwa kuwa mbao hizi hutanuka na kunywea kwa majira. Ukizibana ukutani zitainuka katikati kama mgongo wa kobe. Viungo vya safu moja visilingane na vya safu ya pili, bali vipishane kama matofali. Na sharti la kwanza kupita yote: zitandikwe juu ya sakafu ngumu, kavu na iliyo sawa, yenye karatasi ya plastiki juu yake ya kuzuia unyevu.

Jiko la mama lilikuwa na sakafu ya udongo.

Nikamwuliza maji hukaa wapi. Akasema mtungini na katika ndoo mbili, mlangoni. Vyombo huoshwa wapi? Humo humo, mvua ikinyesha. Nikamweleza kwamba ule utando wa juu haupitishi maji, lakini viungo hupitisha. Maji yakiingia humo, nyuzi huyanywa na kuvimba kama mkate uliochovywa katika chai, na zikikauka hazirudi hali yake ya kwanza. Ziko nyingine siku hizi zilizotengenezwa zivumilie maji kwa saa kadhaa, lakini sakafu ya udongo hutoa unyevu usiku na mchana, tena kutoka chini. Ongeza kaa la moto linaloruka figani, linalounguza ile picha. Ongeza na mchwa. Huku kwetu mchwa wamekula mlango wa ghala la parokia wenye kupakwa lami. Je, watakataa nyuzi za mti zilizokwisha kusagwa?

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sasa nimwambieje kijana? Amenunua kwa jasho lake." Nikaona kwamba shida yenyewe ndiyo hiyo. Akizitandika, zitaoza na fedha itapotea. Asipozitandika, mwanawe ataona zawadi imetupwa.

Tena kijana hakukosea kuhusu vumbi. Sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri kwa samadi ni kazi ya heshima, na bibi zetu waliijua sana. Lakini huficha funza, na mtoto atambaaye huokota humo mengi asiyoyaona mama yake. Hili limepimwa, ingawa mbali na kwetu. Nchini Mexico, katika mkoa wa Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa maskini sakafu za zege, mpaka mita za mraba 50 kwa nyumba. Wachunguzi wakalinganisha watoto wa huko na wenzao wa miji ya jirani katika mkoa wa Durango, ambako sakafu hizo hazikutolewa. Taarifa yao ya mwaka 2009 yasema kwamba udongo wote ukiondolewa ndani na kuwekwa zege, minyoo ya watoto hupungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Mimi nilipoyasoma hayo niliacha kuihesabu sakafu kuwa ni pambo.

Basi nikamshauri mama atie simenti jikoni. Hapo nilikuwa nasema kwa aibu kidogo, maana ya kwangu iliharibika. Nilimwita mwashi mmoja, jina lake nalihifadhi, akaja Jumamosi akiwa na haraka. Alimwaga maji mengi katika mchanganyiko ili utandike kwa urahisi. Mchanga aliuokota kando ya barabara, nusu yake udongo. Chini hatukushindilia kitu. Jumatatu tulikuwa tukipita juu yake, na hakuna aliyeinyweshea hata kopo la maji. Mwezi wa tatu ikapasuka toka mlangoni mpaka figani, na mpaka leo hutoa unga wa kijivu. Mke wangu husema kwamba kila asubuhi anafagia mshahara wangu.

Kwa mama tulikwenda polepole. Tulikwangua udongo wote mwororo, tukajaza mawe madogo na changarawe, tukashindilia kwa gogo mpaka kisigino hakikuacha alama. Mchanga tuliupima kwa chupa: tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha saa chache. Mchanga hukaa chini na tope hukaa juu yake. Tope likizidi sehemu moja katika kumi, tafuta mchanga mwingine au uoshe huo. Wa kwanza ulikataliwa. Wa mtoni ukakubaliwa.

Jiko lilikuwa la mita 3 kwa 3. Kwanza tulimwaga zege lenye unene wa sentimita 7 hivi: karai moja ya simenti, 3 za mchanga, 6 za kokoto. Kesho yake tukaweka juu sentimita 2 za simenti moja kwa mchanga 3, mchanganyiko mkavu kiasi, ambao ukiubana mkononi hushikana wala hautoi maji. Mifuko 5 ya kilo 50 ilitosha. Tuliipa sakafu mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni, ili maji ya kuoshea yajue njia.

Pembe ya mafiga tuliiacha bila simenti. Wengi husahau jambo hili. Ndani ya simenti mna unyevu. Moto ukiwaka juu yake siku zote, unyevu hugeuka mvuke na kuibandua vipande vipande. Pale tulijenga jukwaa dogo la matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu, likiharibika hukandikwa upya kwa saa moja.

Kisha ikaja kazi inayowashinda watu wengi, nayo haina gharama: kungoja. Simenti haikauki tu kama nguo, bali huhitaji maji ili iwe ngumu. Tuliifunika kwa magunia na majani ya migomba, na mama akainyweshea asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku 7. Alipika nje chini ya mwembe. Majirani walimcheka, ati amepanda mchicha ndani ya nyumba.

Ambaye hawezi kununua mifuko 5 asikate tamaa. Huko Rwanda, tangu mwaka 2014, shirika la EarthEnable huweka sakafu za changarawe, mchanga na udongo mwekundu, zikashindiliwa sana na kupakwa mafuta yatokayo katika mbegu za kitani, yakikauka huwa kama vanishi. Haitoi vumbi, hufagiwa na kuoshwa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya simenti.

Lakini zile mbao je? Sebule ya mama ina sakafu ya simenti tangu siku za marehemu mumewe. Tulibandika kipande cha plastiki chini kwa siku mbili, tukakibandua; hapakuwa na tone la maji, maana yake ni kavu. Hapo mama akampigia simu kijana mbele yangu. "Zawadi yako nimeipa chumba cha wageni," akamwambia, "na jikoni nataka simenti." Kijana alicheka, na wiki ile ile akapeleka fedha za mifuko. Maboksi 8, kila moja mita za mraba 2, yalitosha sebule ya mita 4 kwa tatu na nusu. Kabla ya yote tulipuliza dawa ya mchwa kandokando ya kuta, nami nimemwonya mama asipige deki kwa maji mengi. Kitambaa kilichokamuliwa chatosha.

Noeli kijana alikuja na watoto wake. Aliambiwa avue viatu sebuleni, akavua. Lakini jioni wote niliwakuta jikoni, watoto wamejilaza sakafuni wakimenya karanga.

Zilibaki mbao mbili, mama akaniletea ofisini. Moja nimeweka chini ya vitabu vya ubatizo. Ya pili niliilaza katika ndoo ya maji siku mbili, kisha nikaianika. Iko dirishani, kingo zimevimba na picha imebanduka. Atakayeletewa maboksi na apite aitazame kabla ya kuanza kazi.