Matembezi ya Dodoma na safari ya Mkolani: Kwa nini siku mbili zisifanywe moja

Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, wakazi wa Kanda ya Ziwa waishio Pwani wamepata njia nyingine ya kurejea nyumbani. Marafiki wanaweza kufika Dodoma kwa treni, wakakutana na mwenzao mwenye gari, wakayaona Makao Makuu ya nchi, kisha wakashika barabara ya Singida na Shinyanga hadi Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyopo kwenye lango la kusini la Jiji la Mwanza. Ujenzi wa kipande cha reli hiyo cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, ulizinduliwa mwaka 2021. Hadi reli itakapounganishwa yote, sehemu kubwa ya safari hiyo itaendelea kuwa ya barabara.

Mpango huo ni mzuri, lakini una hesabu moja ambayo ni rahisi kusahaulika: saa zinazotumika kutembea Dodoma hulipwa usiku, karibu na mwisho wa safari.

Makao Makuu yana nini cha kuonwa

Jina la Dodoma linahusishwa na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kuwa tembo aliyekwenda kunywa maji alizama matopeni mahali hapo. Uamuzi wa kuufanya mji huo kuwa Makao Makuu ulifikiwa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA). Utekelezaji ulichukua miongo mingi. Julai 2016 Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Magufuli, alitangaza kuwa Serikali itahamia Dodoma katika kipindi cha uongozi wake. Aprili 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa Jiji, na mwaka huo Bunge likatunga sheria ya kuitamka Dodoma kuwa Makao Makuu ya nchi.

Historia hiyo inaonekana kwa macho. Katikati ya jiji upo Uwanja wa Nyerere wenye sanamu ya Baba wa Taifa, na si mbali na hapo yapo majengo ya Bunge. Wananchi huweza kufuatilia mijadala wakiwa kwenye jukwaa la wageni kwa kufuata utaratibu wa Ofisi ya Bunge, wakiwa na vitambulisho na mavazi ya heshima. Mkutano wa Bajeti, unaoanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ndio mrefu kuliko mingine. Upande wa mashariki, katika barabara ya Dar es Salaam, upo Mji wa Serikali Mtumba zilikojengwa ofisi za wizara. Mbele zaidi ipo Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Mei 2023. Maeneo ya Ikulu na ya vyombo vya ulinzi na usalama hayapigwi picha bila kibali.

Wapo pia wanaofika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambako upo Ukumbi wa Chimwaga. Wengine huutembelea Msikiti wa Gaddafi, au hununua zabibu, zao ambalo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.

Ikumbukwe kuwa Mtumba na Chamwino zipo mashariki, ilhali barabara ya Mwanza inatokea magharibi. Anayezitembelea hulazimika kurudi na kulipita jiji lote kabla ya kuianza safari yake. Hapo ndipo asubuhi inapokwisha bila mtu kutambua.

Hesabu ya barabara

Kutoka Dodoma hadi Mkolani ni takriban kilomita 700. Barabara hupita Bahi, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, kisha hufika Singida, karibu kilomita 240 tangu mwanzo. Baada ya hapo huteremka mlima wa Sekenke wilayani Iramba, hukata uwanda wa Wembere, hupita Igunga, Nzega, Tinde na Shinyanga, na hatimaye Misungwi, Usagara na Buhongwa.

Kwa kuzingatia maeneo ya makazi ambayo mwendo wake hautakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, wastani wa kilomita 70 kwa saa ni makadirio ya busara. Hizo ni saa 10 za usukani. Zikiongezwa na saa moja na nusu ya chakula na mapumziko, safari nzima inakuwa ya saa 11 na nusu.

Kikundi kinachoondoka Dodoma saa 12 asubuhi kitafika Mkolani karibu saa 11 na nusu jioni, jua likiwa bado halijazama. Kikundi hichohicho kikitembea jiji hadi mchana na kuondoka saa 8, kitafika saa 7 na nusu usiku. Kilomita 250 za mwisho, kutoka Nzega kuendelea mbele, zitaendeshwa gizani na dereva aliyeamka alfajiri na kushinda akitembea juani. Huko ndiko anakoweza kukutana na lori lililoharibika bila viakisi mwanga, baiskeli isiyo na taa au ng'ombe wanaovuka barabara.

Basi lina ulinzi ambao gari binafsi halina

Serikali iliruhusu mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Ruhusa hiyo haimaanishi kuwa usiku umekuwa salama kwa kila chombo. Mabasi ya masafa marefu yanasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), mwendo wake hufuatiliwa kwa mfumo maalumu, na safari ndefu huhitaji madereva wawili. Gari la marafiki halina msimamizi wa namna hiyo. Dereva akisinzia, anayeweza kumzuia ni abiria aliye pembeni yake, na mara nyingi naye amelala.

Kwa sababu hiyo, makubaliano yafanyike kabla ya kuwasha gari. Wenye leseni halali wawe angalau wawili na wapokezane kila baada ya saa mbili au tatu. Matairi, breki na taa vikaguliwe siku ya matembezi, mafundi wakiwa karibu. Wote wafunge mikanda, na atakayeendesha asitumie kilevi tangu jioni iliyotangulia. Gari binafsi lisichukue abiria wa njiani kwa malipo, kwa kuwa hiyo ni biashara inayohitaji leseni, na bima ya matumizi binafsi haikukusudiwa kwa kazi hiyo. Dharura inapotokea, Polisi hupatikana kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Njia rahisi kuliko zote ni kulala Dodoma usiku mmoja zaidi. Gharama ya chumba, ikigawanywa kwa watu wanne au watano, ni ndogo ikilinganishwa na hatari inayoepukwa. Mwanza nako kuna mengi ya kuwasubiri waliofika wakiwa wamepumzika: Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ipo mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita tatu, lililozinduliwa Juni 2025, limewaondolea wasafiri wa Sengerema na Geita adha ya kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi.