Kabla ya Kununua Pampu ya Maji Safi: Pima, Usikisie

Mfereji ukitoa maji kidogo, wazo la kwanza la wengi huwa kununua pampu yenye nguvu zaidi. Wengine huiunganisha moja kwa moja na bomba kuu. Hapo ndipo hatari inapoanza. Pampu ikivuta maji mengi kuliko yanayoingia, presha ndani ya bomba hushuka, na uchafu wa ardhini hunyonywa kupitia nyufa na maungio yanayovuja. Maji yaliyotiwa dawa kituoni yanaweza kumfikia jirani yako yakiwa na vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo.

Njia salama ni kuacha maji yajaze tangi la chini kwanza, kisha pampu ivute kutoka humo.

Jinsi ya kuchagua

Kamati za maji, shule na wenye nyumba za kupangisha wanapaswa kujua mambo mawili kabla ya kwenda dukani: maji kiasi gani yanahitajika kwa saa, na yatapandishwa kimo gani. Pima kimo kutoka usawa wa maji katika tangi la chini hadi yanapomwagika kwenye tangi la juu. Ongeza kiasi cha kufidia msuguano ikiwa bomba ni refu, jembamba au lina kona nyingi. Kila mita 10 za kimo huhitaji presha ya takriban baa 1.

Kwa mfano, kupandisha lita 10,000 kwa saa hadi kimo cha mita 40 hutumia takriban kilowati 2.2 za umeme, iwapo nusu ya nguvu hupotea njiani. Pampu kubwa kupita kiasi huongeza bili na inaweza kupasua mabomba. Chagua iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, isiyoshika kutu. Kamwe usitumie iliyowahi kusukuma maji taka au dawa za shambani.

Ikisumbua, angalia haya

- Inanguruma lakini haitoi maji: tangi limekauka, au hewa imeingia kwenye bomba la kuvutia. Izime mara moja. Ikizunguka kavu huungua.
- Inasikika kama ina kokoto ndani: chujio limeziba au bomba la kuvutia ni jembamba mno.
- Maji yamepungua baada ya ukarabati wa umeme wa fezi tatu: huenda mota inazunguka kinyume.
- Inawaka na kuzima kila mara: tafuta bomba linalovuja, au tangi la presha lililopoteza hewa.
- Swichi ya umeme inajikata: usiirudishe tena na tena. Mwite fundi wa umeme aliyesajiliwa.

Baada ya kufungua pampu, ioshe, itie klorini, kisha mwage maji ya kwanza. Kabla ya watu kunywa, maji ya mferejini yapimwe: klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Ukiona pampu iliyounganishwa na bomba kuu, ripoti katika ofisi ya maji iliyo karibu nawe.